Robo ya Robo

Kidonge ni cha buluu, kidogo kuliko kichwa cha karafuu.
Nakilaza juu ya kifuniko cha bati,
nakikata kwa wembe: nusu.
Nusu nayo naikata: robo.
Wembe unatetema, au mkono, sijui nani alianza.
Robo moja inaruka, inatumbukia ufani,
na mie mtu mzima, baba wa watoto wawili,
napiga magoti, nailamba saruji.
Ufa hautoi.

Simlaumu mkarafuu. Nilipanda mwenyewe,
mwaka ule wa mavuno makubwa, kule Mtambwe.
Tawi lilinivumilia kidogo, kisha likachoka.
Mgongo ukapona.
Usingizi ndio haukurudi.

Akaja Khatibu wa Jadida, muuza vocha,
akanifungia vitano kwenye karatasi ya kashata.
"Lala, sheikh wangu. Huu si unga.
Hii dawa, hata sandukuni ina maandishi."
Nikalala.
Nililala mchana wa Iddi kanzu ikiwa mwilini.
Nililala mwanangu alipohitimu juzuu ya amma,
nikaamka sinia za halua zimeshaoshwa.
Nililala nimesimama, sokoni Wete,
mkononi nimeshika changu kwa mkia,
watu wakinipita kama nguzo ya umeme.
Vile vitano vya wiki
vikawa vya kufungulia kinywa.

Arosto: neno la wenzetu wa unga.
Nilikuwa nikilisikia kama jina la mtaa wa mbali
nisioijua hata njia yake.
Kumbe nina nyumba huko,
tena ya kona.

Niliacha kwa ubishi, siku moja, bila ya kumwambia mtu.
Siku ya tatu nikasikia chumvi ikiyeyuka mtungini.
Sisimizi wakapita chini ya ngozi,
safu ndefu, kimya, kama wanaotoka kuzika.
Mwadhini akakohoa kabla ya kuadhini
na meno yangu yakamjibu.
Baada ya hapo sina la kusimulia. Analo Mize:
macho meupe, povu, kisigino kikipiga ukuta.
Jirani akasema pepo, akasema ubani.
Mize akasema gari.

Nesi jina lake Bi Shemsa.
Hakunihubiria. Aliuliza kazi yangu ya zamani,
kisha akauliza: "Ulipokuwa ukishuka mkarafuuni,
ulikuwa ukiruka?"
Nikasema hapana.
"Haya basi."
Akaniandikia wiki mbili mbili, nusu, robo, robo ya robo,
kwenye kadi ya kliniki ya mama wajawazito,
maana kadi nyengine zilikwisha.
Uzito wa mama: akaweka mstari.
Tarehe ya kujifungua: akacheka, akaacha wazi.

Sasa nashona kofia. Ya viua,
ya mpwa wangu Haroub, anaoa mfunguo pili.
Natoboa, nazungushia uzi, navuta.
Kuna usiku feni iliniita jina langu
na jina la babu, kwa sauti ya mtu anayedai.
Kiua cha usiku ule kimekwenda upande.
Mize anasema nifumue. Sifumui.
Haroub akivaa kitaangukia nyuma ya sikio,
atakiona kinyozi tu, naye atadhani ni mtindo.

Jana Khatibu alipita, hakubisha hodi,
aliacha kivuli chake mlangoni kwa muda
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.
Sikutoka.
Nilihesabu viua. Nilikosea. Nilihesabu tena.

Na ile robo bado imo ufani.
Najua pahali pake, hatua mbili kutoka kitandani.
Taa ikizimwa naiona,
ingawa kidonge hakina nuru.
Ufa ni mwembamba,
na mkononi nina sindano.

Nailoweka ncha ya uzi kwa mate.
Nakosa.
Nakosa tena.
Mize amegeuka upande wa pili, anajifanya amelala.
Mara ya nne
unapita.