Mistari Mitatu

Jumatatu hoteli haina wageni, ndipo tunaposoma.
Bi Nyakerario ametandaza ramani juu ya meza namba saba,
pembe zake amezikandamiza kwa vichupa vya chumvi.
Nje, Upper Hill, mashine za zege zinasaga.
"Burgundi," anasema, "haina siri. Ina mipaka."

Nyekundu ya kushika akilini ni moja, Pino Nuaa;
nyeupe nayo moja, Shadone.
Nikajisemea: somo jepesi, nitafika Kawangware kabla ya mvua.
Kumbe!
Zabibu moja, majina mia na mia,
na kila jina ni kipande cha ardhi,
na vingine vina kuta za mawe walizozijenga watawa
waliokuwa na muda mwingi na maneno machache.

Juu ya kilima udongo ni mwembamba, baridi inauma.
Chini, tambarare, maji yanatuama,
mzabibu unashiba, unalala.
Katikati,
pale jua la asubuhi linapopiga kwa mshazari,
ndipo bei inaposhikwa na wazimu.

Miaka tisa nilikuwa muonjaji wa kahawa, Industrial Area.
Kufyonza kwa kijiko, kutema, kufyonza.
Sisi buni tuliipima kwa tundu la chekecheke:
kubwa huku, ndogo kule,
na kilima kilichoizaa kikapotelea guniani.
Hawa hawaulizi punje ina ukubwa gani.
Wanauliza: ilisimama wapi?

Hapo nikaacha kuandika.

Baba alipofariki, ekari mbili za Tetu zilikatwa mara nne.
Mpimaji alikuja na kamba, vigingi na njaa.
Wahome akapata katikati.
Mimi nikapewa chini, kando ya kijito,
penye vyura na majimbi.
Nimenuna miaka sita.
Nimenuna kwenye harusi, nimenuna kwenye matanga.

Bi Nyakerario hajui haya. Anamimina glasi mbili.
"Majirani," anasema. "Kati yao ni njia ya mkokoteni tu."

Ya kwanza: zambarau zilizoiva hadi kupasuka,
mkanda mpya wa ngozi,
vumbi linapopigwa na tone la kwanza la Machi.
Ya pili imesimama wima, imekunja uso,
kama shangazi aliyekuja kudai deni akakataa chai.
Halafu, nimeshameza zamani, anatabasamu.

Hiyo ya kwanza ni kodi yangu ya mwezi. Ya pili, ya mwaka.
Tofauti ya mwaka sikuionja.
Ya njia, naam, niliionja.

"Na hapa," anagonga ramani kwa kifuniko cha kalamu,
"urithi uligawanywa kwa watoto wote,
na watoto wao, na wa watoto wao.
Utamkuta mtu ana mistari mitatu tu ya mizabibu
katika shamba lenye sifa duniani,
na jirani yake ana mitano, na mwingine ana minane,
na chupa zote zina jina moja la shamba.
Kwa hiyo usisome jina ukaridhika.
Uliza ni mkono wa nani."

Mkono wa nani.
Kahawa ya Wahome nimeiona Krismasi: magugu hadi kiunoni.
Na kijitoni kwangu
sijawahi kupeleka jembe, nimepeleka malalamiko.

Ijumaa mgeni mwenye saa nzito ananiuliza
kwa nini chupa mbili za kijiji kimoja zipishane hivyo.
Nikamweleza mteremko, ukuta, mkono.
Alisikiliza kwa heshima, mpaka mwisho.
Akaagiza bia.

Saa sita usiku nasuuza glasi.
Katika moja limebaki tone; nalionja, Mungu anisamehe.
Kisha namwandikia Wahome, baada ya miaka sita:
*Nikodishie mistari mitatu ya pale katikati.*

Jibu likaja kabla sijafuta mikono:
*Palilia kwanza huku chini kwako.
Nimechoka kuwafukuza vyura wako.*