Mitungi Sitini na Miwili

Birika la ubatizo liko chini ya mimbari,
limefunikwa kwa mbao nne na zulia la samawati.
Ukiwa mgeni Changamwe hutajua
kwamba mhubiri wetu husimama juu ya maji,
au, miezi mingi, juu ya shimo kavu,
maana mfereji wa kanisa hukohoa upepo
kisha hunyamaza.

Kulijaza ni mitungi sitini na miwili.
Aliyehesabu ni Nyanya, Yunisi Mghoi,
mjane wa fundi wa reli, mama wa watu saba,
shemasi asiye na cheo, kwani wazee walisema
cheo hicho kina suruali.
Alicheka. Akaokota kata, akajitwika.

Maji yalitoka kisimani kwa Bi Zuhura Athmani,
aliyekataa senti zake tangu siku ya kwanza:
“Maji ya ibada hayauzwi,
hata ibada ikiwa ya jirani.”
Na kila Ramadhani ilipoandama
Nyanya alimchambulia mchele wa mwezi mzima.

Kuchambua ndiyo ilikuwa kazi yake.
Shimanzi, ghala la kahawa, siku sita kwa wiki,
punje zikimpitia mbele kama mvua ya changarawe:
nzuri huku, mbovu kule,
iliyotobolewa na mdudu, kule zaidi.
Miaka ishirini na tisa.
Vidole vyake vilijifunza kuona.
Usiku stima ikipotea
alichambua maharagwe gizani, akitutajia Zaburi kwa moyo,
na hakuna aliyewahi kuuma jiwe nyumbani mwetu.

Leso zake zilinuka gunia.
Kwenye ncha ya leso, fundo: zaka,
iliyofungwa kabla unga haujanunuliwa.
Zipo wiki tulilala na uji mwepesi
na lile fundo likaning'inia pale, limenona.
Wiki hizo nilimchukia Mungu. Nakiri.
Yeye alijua, akaniongezea uji wake.

Wenzangu walizamishwa mmoja mmoja, wakaibuka wakitweta,
nami nilibaki na kazi ya kuwashikia taulo.
Hakunisukuma.
Mara moja tu, tukipanda na mitungi, alisema:
“Punje iliyochumwa mbichi kwa pupa
hufika mezani kwangu,
na mimi ndiye huitupa.”
Nikamuuliza, mbona sitini na miwili,
na maji hufika kwenye alama kwa sitini?
“Sitini ni ya walioandikisha majina.
Miwili ni ya ambaye hajaandikisha.”

Aliondoka mwezi wa tatu, Jumanne, wodini Makadara.
Usiku ule mkono wake ulitembea juu ya shuka,
huku, kule, huku,
nesi akadhani ni homa.
Mimi nilitandaza shuka vizuri
ili isimkunjikie kazini.

Tukampandisha Werugha, kwenye ukungu
na baridi aliyoikimbia akiwa msichana.
Mchungaji alisema mengi. Kaburini sikuyasikia,
nilikuwa natazama viganja vya shangazi zangu:
vyote vina sugu palepale.

Jumamosi iliyopita walikuwapo watano wa kubatizwa.
Mfereji ukakohoa. Vijana wa kwaya wakatazamana,
hakuna aliyejua idadi.
Nikaazima mkokoteni.
Bi Zuhura, na magoti yake mabovu,
alikuwa ameshafungua kisima kabla sijabisha hodi.
Hatukusemezana. Alishika kamba upande wake.

Wa sitini ulipomwagika, maji yaligusa
msumari alioupigilia Nyanya ukutani.
“Basi, yatosha,” akasema shemasi, akipangusa shingo.
Nikarudi kisimani na miwili.

Kanisa lilipobaki tupu
nilikunja suruali, nikaketi ukingoni,
nikatia miguu.
Zile mbao nne zimeegemea ukuta.
Maji yalikuwa baridi
kuliko nilivyodhani nilipokuwa nayabeba.