Nyuma ya Kitambaa

Chomoa uzi mmoja, aliniambia Asnath.
Hapo ziko nyuzi sita, zimelala kitanda kimoja;
vuta mmoja polepole, tano zijikunje,
kisha zinyooshe, zilale tena.
Nikavuta zote. Tukacheka.
Ana miaka kumi na tisa, mimi nina wajukuu watatu,
na yeye ndiye mwalimu.

Chanda chema huvikwa pete.
Changu kilivikwa mafuta ya ganda:
misimu ishirini na miwili ya kubangua korosho hapa Mtama,
majivu viganjani, na mafuta yakapita hivyohivyo,
yakala ngozi, yakala na mistari yake.
Nilipokwenda kusajili laini ya simu
mashine ilinikataa mara nne.
Kijana akaniambia, Mama, wewe huna alama.

Kidole hichohicho sasa
kinatafuta tundu la sindano.

Tulianza na ua la ufuta, upana wa kifungo cha shati.
Anza na dogo, alisema, kubwa litakuonea.
Kengele nyeupe, zambarau kidogo kooni.
Mshono mrefu, mfupi, mrefu, mfupi,
kama meno ya mtoto wa miaka saba;
safu ya pili iingie katikati ya ya kwanza,
ipasue uzi uliotangulia,
mpaka rangi ipite kwenye rangi bila kupiga hodi.
Yangu ilipiga hodi. Ilipiga kwa mchi.
Nyeupe ilipokutana na zambarau
pakawa mpaka, ungeweza kuweka askari na kizuizi.

Asnath hakusema kitu kuhusu ua.
Alikigeuza kitambaa, akasoma nyuma:
Hapa ulikuwa na hasira.
Na hapa ulikuwa unasikiliza redio.
Kweli.
Walikuwa wanatangaza bei za mnada.

Ua la mbaazi nililifumua mara tatu,
kitambaa kikawa chekeche.
Njano ile ina mishipa myekundu, myembamba,
kama jicho la mtu aliyekesha msibani,
na mimi nilikuwa naishona bendera.
Mara ya nne nililala nayo chini ya mto.
Asubuhi nikaona: uzi haufuati mstari wa penseli,
unafuata petali inakotaka kwenda.
Nilishona mishipa miwili tu, nikaacha.
Miwili ile bado naipenda.

Kisha akasema, sasa korosho.
Nikasema, hilo nalijua.
Akanipa penseli. Chora.
Sikuweza.

Nikaenda Nyangamara, shambani kwa shemeji yangu Nantamba,
mikorosho ina vumbi la salfa mpaka kwenye kope,
nikashusha kishada, nikakisogeza puani.
Petali tano, nyembamba, zimejikunja nyuma
kama mtu aliyeonja ukwaju.
Leo nyeupe, na michirizi ya waridi.
Jirani yake, aliyechanua jana, ameshaiva wekundu.
Miaka yote hiyo nimembangua mwana,
mama yake sijawahi kumtazama usoni.

Nilishona petali ya kwanza kwa siku mbili.
Ya pili, ya tatu. Rangi zilipita, hakuna aliyepiga hodi.
Kwenye ya nne uzi mwekundu ukaisha.
Dukani Lindi mjini muuzaji akaniambia, nyekundu ni nyekundu, mama.
Haikuwa. Ilikuwa na kutu kwa mbali.
Nikaishona vilevile, nne na tano.

Fumua, alisema Asnath.
Nikamwambia, hapana.

Nikamwambia: hizi ni za asubuhi ya kwanza,
hii imelala usiku mmoja,
na hizi mbili, mwalimu, panda bodaboda twende Nyangamara
nikuonyeshe siku ya tatu linavyokuwa,
siku ambayo mtu haji tena kuliangalia.

Alinyamaza.
Alikichukua kitambaa, akakigeuza,
akapitisha kidole chake chenye alama zote
juu ya nyuzi zangu za nyuma, taratibu,
kama anayetafuta fundo.

Kisha akanipa mkasi, nikate uzi.