Shauri la Mzabibu

Miaka ishirini na sita nilisoma mita za maji,
Kihesa hadi Ipogolo, daftari kwapani,
na asiyelipa nilimfungia bomba
watoto wake wakitazama.
Mzabibu wangu sikuufungia hata siku moja.

Kijiti tu, urefu wa kalamu mbili,
nilikinunua Dodoma, kituo cha basi,
nikakiviringishia gazeti bichi, nikakipakata
Mtera yote, vumbi na vizuizi,
hadi hapa Kitwiru, nyuma ya jiko.

Nikaulea kama kitindamimba.
Asubuhi ndoo, jioni ndoo.
Samadi ya ng'ombe, samadi ya kuku,
hata maji ya kuoshea mchele.
Ukaitika. Loo, uliitika kwa majani!
Majani mapana kama sahani za harusi.
Ukashika waya, ukashika kamba ya nguo,
ukaingia dirishani kututazama tukila.
Mwaka wa kwanza, majani.
Wa pili, majani.
Wa nne mke wangu Otavina akauliza
kama nilinunua zabibu au pazia.

Mkasi ulikuwepo, msumarini.
Kila baridi ilipouma vidole
niliushusha, nikausogeza kwenye tawi,
nikakwaruza ganda, nikaona kijani chini yake,
nikaurudisha.

Ndipo akaja Diwani.
Diwani ni beberu wa jirani, Fidea Kikoti:
ana ndevu, ana kitambi, haombi ruhusa.
Jumapili moja ya Agosti, sisi tuko kanisani,
alivunja ua, akala.
Kilicho laini alikitafuna, kigumu alikivunja.
Tulikuta kisiki chenye vidole sita vifupi
na kila kidole kikidondosha maji,
to, to, to,
kama bomba bovu ambalo hakuna wa kulifunga.

Nilimpeleka Fidea kwa balozi.
Nilisema kwa hesabu: ndoo hizi,
samadi hii, miaka minne, jumla.
Balozi, ambaye hajawahi kuonja zabibu,
akaandika: elfu kumi na tano, zilipwe.
Fidea alifungua pindo la kitenge
akatoa noti moja moja, zinanuka moshi.
Akasema, "Kwetu Kilolo
mlanzi usiokatwa ncha hautoi ulanzi."
Nikamjibu zabibu si mlanzi.
Pesa nikatia mfukoni.

Kwa hasira sikumwagilia tena.
Buibui akafunga mdomo wa ndoo.
Septemba, siku ya upepo mkavu,
Otavina aliniita kwa jina langu la ubatizo,
ambalo hulitumia kukiwa na msiba.
Nikakimbia.
Kila kidole kimetoa chipukizi la waridi,
na mkabala na jani, kitu kidogo sana:
kishada, punje zake kama ulezi mbichi.

Nilingoja maua nikidhani yatajitangaza.
Hayakujitangaza.
Yalivua vikofia vyake vya kijani, basi,
na harufu yake huipati
mpaka uache kusema.

Vishada saba. Ndege walikula viwili,
mvua ya mawe ikachukua kimoja.
Vinne viliiva Januari, vyeusi, vichachu kidogo,
mbegu nyingi. Otavina alikula akifumba jicho moja
na hakusema neno kuhusu pazia.

Nilikwenda kwa Fidea na bakuli
na elfu kumi na tano.
Bakuli alilipokea.
Pesa alizihesabu mara mbili,
akatazama nyuma, Diwani anacheua,
akauliza, "Na ujira wa fundi?"

Agosti hii mkasi nimeushusha mwenyewe.
Macho mawili kila tawi nimebakiza,
mkono ukitetemeka kama wa mtu anayenyoa mtoto.
Umelia siku tatu. Ndoo nimeificha.
Otavina anasema nimekata kiwoga, vipande virefu mno.
Huenda.
Pengo la ua sijaliziba.