Sehemu ya Pili

Ile ya kwanza tuliicheza taa zimezimwa,
kwa Makokha, Kariobangi Kusini,
shilingi ishirini mchezo.
Risasi tatu tu. Mlango mmoja.
Na nyuma ya mlango, mtu akikohoa.
Hatukuambiwa nani.
Wiki nzima Kithinji alipanda kwao
akihesabu ngazi kwa sauti.

Tukangoja ya pili miaka minne. Tukachanga.
Sasa risasi hazina hesabu,
mizuka wamejaa kama foleni ya kipande,
na kila mmoja, kabla ya kuuma, anajieleza:
mara maabara, mara baba mlevi.
Yule wa kikohozi ameanikwa juani.
Ana jina. Ana shajara.
Kumbe ni daktari, na alikuwa na mafua.

Dada aliyekufa mwisho wa ile ya kwanza
amefufuka, na hakuna aliyeshtuka,
hata yeye mwenyewe.

"Hii imeandikwa na kamati," Kithinji akasema,
akaweka pedi chini, akaanza kumenya njugu.

Ndipo stima ikapotea.
Mtaa mzima. Daktari akamezwa katikati ya sentensi.
Makokha akapapasa kiberiti, asikipate.
Na juu yetu, katika chumba
ambacho mwenye nyumba amekitia kufuli tangu Machi,
kiti kikaburutwa.
Kikatulia.
Kikaburutwa tena, kidogo tu,
kama mtu anayesogea asikie vizuri.

Hakuna aliyeuliza.

Stima iliporudi, njugu zilikuwa zimetapakaa
na daktari akaendelea pale alipoachia.
"Mzimeni huyo," Makokha akanong'ona,
macho darini.