Ngazi Sitini na Mbili

Kichupa kina vijikaratasi hamsini.
Mimi na Mama Nsimire, jirani wa kule chini, hapa Kadutu,
mashine zetu ni ndugu, za rangi ya majivu.
Tukachanga, kila mtu nusu.
Alfajiri akavuka Ruzizi na jeto yake
akarudi na kichupa ndani ya kitenge,
amekifunga kama kichanga.

Tulihesabu mezani, kando ya ungo wa sambaza.
Ishirini na tano vyako, ishirini na tano vyangu.
Lakini kichupa ni kimoja, kinakaa kwake:
nje ya kichupa, mvua za Bukavu huvila.

Basi kila Jumatatu na Alhamisi
nashuka ngazi sitini na mbili
kwenda kuomba kilicho changu.
Kidole nimekiosha, nimekikamua.
Tone moja. Lisipotee.

Juzi mashine iliandika kosa.
Nikanyamaza, kama mtu aliyemwaga mafuta ya watu.
Nsimire akanisukumia kimoja chake:
“Utanirudishia sukari ikishuka.”

Imeshuka.
Sijui ni dawa,
au ni kule kupanda kurudi.

Sijamrudishia bado.
Naye hasemi; anahesabu tu.