Chai Tayari

Kitabu chenyewe chembamba, bei peni sita,
gamba limeguguna mchwa.
Nilikikuta Matrah, ndani ya kopo la biskuti la bibi,
kati ya hati ya kiwanja na meno yake ya bandia.

Nyuma, kwa penseli, miandiko ya watu mbalimbali:

Bombay, kambini, 1874. Mvua. Paa limevuja juu ya mchumba.
Aden, 1889. Luteni amecheza mke. Masharubu amekataa kunyoa.
Bushehr, 1897. Kabati halikufika. Tumetumia jeneza, tupu, la kuazima.

Halafu mwandiko mdogo, wa kuegemea:
Maskati, Januari 1934, nyumbani kwa Balozi. Usiku mbili.

Hadithi haiumizi kichwa.
Bwana mmoja kajificha kabatini,
mke wa mwenziwe anamtafuta,
mume anatafuta suruali,
mama mkwe anatafuta wa kumlaumu.
Milango mitano jukwaani, yote inagongwa.
Na Maskati ile, ikipigwa saa tatu, malango ya mji yalifungwa,
na ukionekana njiani huna taa, unalala ngomeni.

Ukurasa wa kumi na moja
Mtumishi anaingia na sinia.
Chai tayari, bwana. Basi. Anatoka.

Karani wa simu aliyepewa sehemu hiyo
aliamka na homa.
Wakatazamana. Wakazungusha macho chumbani
wakamwona Feruzi, anapita
na sinia.

Feruzi, baba yake bibi.
Mtoto wa mtu aliyeukumbatia mlingoti wa bendera
wa nyumba ile ile, asubuhi moja, asiuachie
mpaka walipomwandikia karatasi ya uhuru.
Mwanawe akazaliwa na karatasi.
Sinia alipewa baadaye.

Mazoezi alikuwa nayo, ya miaka kumi na miwili.
Usiku wa kwanza akaingia, akasema alilofundishwa,
na kapteni wa mstari wa mbele, kwa mazoea tu,
akanyoosha mkono, akatwaa kikombe,
akaomba sukari.
Feruzi akampa. Vijiko viwili, akakoroga.
Pembeni mwa ukurasa:
Mtumishi haonekani kuigiza. Hakuna kicheko.

Usiku wa pili alisimama kidogo.
Akaweka sinia chini, jambo ambalo halimo kitabuni,
akasema kwa Kiswahili cha mamake:
"Chai tayari, bwana,
lakini mnywaji yumo kabatini,
na suruali yako anayo yeye."

Barazani walikuwapo mpishi, dobi,
askari wa zamu, na yaya kambeba mtoto wa watu.
Hawakuwa na mbavu tena.
Wazungu wakageuka, wakatabasamu,
kisha nao wakacheka, wasije wakaachwa nyuma.

Na sehemu mbili nzima zilizobaki
wakamtafuta yule bwana:
mlango wa pili, wa tano, chini ya meza,
mama mkwe akaangalia hata ndani ya birika,
na kila bawaba ikilia, baraza lilia pamoja nayo,
dobi kajifunika uso kwa shati la Balozi.

Penseli ile ile, imebonyea karatasi:
Mtumishi ameongeza maneno. Wamecheka sana.
Sikuelewa.
Yabaki.

Chini yake upo mstari mmoja tu, wa wino:
Bahrein, 1936. Tumejaribu maneno ya Maskati,
"lakini nyuaji umo kabati".
Kimya kabisa.

Kitabu kilirudije Matrah? Bibi hajui.
Anasema babake hakukihadithia kile kicheko hata siku moja,
ila Ijumaa, akiletewa chai,
alitupia jicho kabati la nguo kabla hajanywa,
na wao wakidhani mzee anaogopa nyoka.

Nikamsomea yote, hadi wino.
Akanyoosha mkono niusogeze kopo.
Akavaa meno kwanza, akayakaza kwa kidole.

"Haya," akasema. "Nirudie hapo Bahrein.
Polepole."